Wasifu wa nahodha ambaye hakuwahi kuajiriwa

SWALI: Shikamoo. Baba yetu amefariki wiki tatu zilizopita hapa Mwanza, tukamzika kwao Ukerewe. Maisha yake yote alikuwa mtu wa tanga. Alibeba mihogo, ndizi, dagaa wakavu na abiria kati ya Ukerewe, Kome na mwalo wa Kirumba, na hata wenzake walipofunga mashine yeye alikataa. Siku ya mazishi wasifu wake ulisomwa dakika mbili: alizaliwa, alisoma hadi darasa la nne, alikuwa mvuvi, aliugua kisukari, ameacha watoto 7 na wajukuu 23. Basi. Na mvuvi hakuwa, alikuwa msafirishaji! Sasa nimepewa kazi ya kuandika historia yake ili isomwe siku ya kuanua tanga, na sijui pa kuanzia. Mwaka aliozaliwa hatuna uhakika nao. Kitambulisho kinasema 1 Januari 1948. Mtumbwi wake uko ufukweni Nansio na kaka zangu wanabishana wauuze au wauache. Mwenzake mmoja waliyesafiri naye yupo Kome, ni mzee sana. Halafu niseme ukweli, nina kinyongo: baba alilipenda ziwa kuliko nyumba yake. Hilo nalo naliandikaje mbele ya mama? — Binti wa nahodha, Pasiansi

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana ninyi nyote. Mungu amlaze mzee wetu mahali pema. Nimekuwa nikikusanya historia za wazee wa mialo, yaani maegesho ya mitumbwi, ya Ziwa Victoria letu hili kwa zaidi ya miaka 30, na watu wengi wameniuliza namna ya kumwandika mzazi. Ni wachache sana waliosema wazi, kama ulivyosema wewe, kwamba wasifu wa baba yao ulikwisha kabla watu hawajakaa vizuri kwenye viti. Nianze na hilo.

Wasifu tunaousoma msibani umetoka ofisini. Una vyumba vyake: kuzaliwa, elimu, ajira, ndoa, ugonjwa, idadi ya watoto. Akifa mwalimu mstaafu vyumba vyote vinajaa, maana kila hatua aliyopiga kuna karatasi iliyoandikwa: alipangiwa shule fulani, akahamishwa, akapanda daraja, akastaafu. Akifa mtu ambaye hajawahi kupokea barua ya ajira, chumba cha kazi kinatupiwa neno moja, tena mara nyingi neno lenyewe si sahihi. Huku kwetu kila aliyeonekana na mtumbwi ni "mvuvi", kama vile mihogo ya Ukerewe ilikuwa ikija Mwanza kwa miguu.

Faili la baba yako lipo, mwanangu, ila halijakaa mahali pamoja. Kipande kiko kwenye mtumbwi, kipande kwenye tanga, kipande kikubwa kiko kichwani mwa yule mzee wa Kome, kingine anacho mama, na kingine unacho wewe mwenyewe bila kujua. Kwa hiyo usianze kuandika. Anza kuuliza, na uanze wiki hii.

Nasema wiki hii kwa sababu ninayoijua mwilini mwangu. Baba yangu alikuwa fundi wa mitumbwi kule Kayenze. Miaka niliyokuwa nazunguka na kinasa sauti toka Igombe hadi Ukara nikiwahoji wazee wa watu, yeye nilikuwa namkuta nyumbani jioni amekaa na tezo yake mapajani anainoa, tunasalimiana, tunakula, nalala, asubuhi naondoka kwenda kumhoji mtu mwingine. Sikuwahi kumwashia kinasa sauti hata mara moja. Niliona yupo, atakuwepo. Tezo ninayo mpaka leo. Namna alivyokuwa akiamua ubao huu ukae wapi, kwa kuugonga na kusikiliza mlio, hiyo sinayo, na hakuna wa kumuuliza.

Sasa, kuuliza. Kosa wanalofanya wengi ni kwenda kwa mzee na kumwambia, "Tuambie, unamkumbukaje marehemu?" Atakujibu kwamba alikuwa mtu mzuri, mcheshi, mpenda watu, hana ugomvi na mtu. Hilo ni jibu la heshima, na humo ndani baba yako hayumo. Uliza kitu ambacho mkono unaweza kukijibu. Alikuwa anakaa upande gani wa mtumbwi? Mlingoti aliukata wapi, mti gani? Kamba alikuwa anazifunga au anazishika? Upepo ukifa katikati ya safari, nani alikuwa wa kwanza kuchukua kasia? Alikuwa anakula nini humo ndani, na moto mlikuwa mnauwashaje? Mzigo gani alikataa kubeba hata kwa pesa?

Niliwahi kwenda kwa mzee mmoja, nahodha wa zamani, na maswali yangu 40 yameandikwa vizuri kwenye daftari. Alinijibu ndiyo na hapana kwa saa nzima. Nikakata tamaa, nikafunga daftari. Palikuwa na kipande cha kamba ya nailoni chini ya kigoda, nikakiokota tu bila kufikiri na kumwuliza hiki walikuwa wanakifungaje. Alikipokea. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, haoni vizuri, lakini vidole vilienda vyenyewe: kitanzi, kuzungusha, kupitisha chini, kuvuta. Akakifungua kwa mguso mmoja, akafunga tena polepole ili nione. Alipofunga mara ya tatu akaanza kuniambia usiku ambao fundo hilo liligoma kufunguka. Tulimaliza saa tatu usiku.

Kwa hiyo kwa baba yako nakushauri uuandike upepo kwanza, maana ndio uliokuwa mwajiri wake. Usiku ardhi hupoa haraka kuliko maji, hewa inatoka nchi kavu kwenda ziwani. Mchana jua linapoichoma ardhi mambo yanageuka, upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu. Mtu wa tanga anapanga maisha yake kwa mgeuko huo. Anaondoka usiku wa manane au alfajiri upepo wa nchi kavu ukimsukuma kuelekea maji makuu, na anataka kuwa mahali fulani upepo wa mchana unapoanza ili umwingize mwaloni. Katikati ya pepo hizo mbili kuna kipindi cha kimya, tanga linaning'inia kama shuka kwenye kamba ya nguo, na hapo ndipo makasia hutoka na watu huanza kuongea. Mengi ambayo baba yako aliwaambia wenzake aliyasema katika kipindi hicho. Muulize mzee wa Kome walikuwa wakiongea nini upepo ukifa.

Na kuna hatari ndani ya hesabu hiyo. Dhoruba za ziwa hili hupenda usiku na alfajiri, kwa sababu pepo za nchi kavu kutoka pande zote hukutana katikati ya maji, zinainua unyevu, mawingu yanajijenga. Yaani upepo ule ule unaokutoa bandarini ndio unaokupikia radi mbele ya safari. Baba yako aliishi juu ya hesabu hiyo miaka yote na akafa kitandani akiwa mzee. Hilo peke yake linastahili aya nzima kwenye wasifu wake. Aliangalia nini kabla ya kusema twende au tusubiri? Nyota? Ndege? Rangi ya maji upande wa Ukara? Harufu? Kila nahodha niliyemhoji alikuwa na alama yake, na mara nyingi hakuwahi kumwambia mtu mpaka alipoulizwa. Uliza pia kuhusu Juni hadi Agosti, upepo wa kusini mashariki unapokaza. Anayetoka Nansio kuja Mwanza unamjia mbele ya bega la kushoto, hapo ndipo ubingwa wa kubisha unapojulikana, kwenda kwa kona huku na huku mpaka ufike.

Jambo jingine ni demani, ile kamba inayolishika tanga kwa nyuma na kuliachia au kulikaza. Mabaharia wa pwani wanaiita hivyo. Huku ziwani kila mwalo una maneno yake, ya Kikerewe, ya Kijita, ya Kiluo, na wewe andika lile alilolitumia baba, usilisafishe. Nahodha anashika usukani. Demani anampa mtu mwingine, na mtu huyo haruhusiwi kuifunga, maana pigo la ghafla la upepo likija na demani imefungwa, tanga halina pa kukimbilia na mtumbwi unalala. Aishike mkononi safari nzima, aiachie pale pale inapotakiwa. Kwa hiyo ukitaka kujua nahodha alimwamini nani duniani, uliza nani alikuwa akishika demani. Mimi nahisi alikuwa huyo mzee wa Kome.

Mwaka wa kuzaliwa usikuumize kichwa, ila usiuache pia. Tarehe 1 Januari kwenye vitambulisho vya wazee wetu mara nyingi ni tarehe ya karani, siyo ya mama mzazi. Kuna njia mbili. Kama alibatizwa Mkatoliki akiwa mtoto, nenda parokia aliyobatizwa. Kagunguli ni parokia ya zamani sana hapo Ukerewe, na mapadri hao walikuwa makini na vitabu vya ubatizo: utakuta siku ya ubatizo, majina ya wazazi, jina la msimamizi, na pembeni mara nyingi ndoa iliyofuata imeongezwa. Njia ya pili ni kulitumia ziwa lenyewe kama kalenda. Kati ya 1961 na 1964 maji ya Ziwa Victoria yalipanda zaidi ya mita 2, yakameza mashamba na nyumba za ufukweni, na wazee wote wa visiwani wanaukumbuka wakati huo kwa sababu uliingiliana na Uhuru wa Desemba 1961. Muulize mama au mzee wa Kome: maji yalipopanda, baba alikuwa mtoto wa kubebwa, au alikuwa anashika kasia, au alikuwa ameshajenga kibanda chake? Kama alikuwa na kibanda, huyo hakuzaliwa 1948. Angekuwa na miaka 13 hadi 16. Tafuta karibu na 1940, na andika "karibu na 1940", hakuna aibu yoyote.

Endelea hivyo hivyo na miaka iliyofuata. Vita ya Kagera, 1978 na 1979, alikuwa wapi? Miaka ya 1980 sangara walipojaa nyavuni na furu, wale samaki wadogo wa asili, wakaanza kupotea, biashara ya mialo yote iligeuka. Mzigo wake ulibadilikaje? Magugu maji yalipofika miaka ya 1990 na kuziba mialo, mtumbwi usio na mashine ulipitaje? Na kuna tarehe mbili za kuuliza kwa upole, siyo siku ya kwanza: 21 Mei 1996 ilipozama MV Bukoba, na 20 Septemba 2018 ilipopinduka MV Nyerere jirani na Ukara. Kila familia ya ziwani ina kovu hapo. Usiulize aliona nini. Uliza kesho yake alifanya nini. Nimeshasikia kwa wengine kwamba mke alificha usukani, au kwamba nahodha alikaa siku 3 akiutazama mtumbwi asiuguse, na hapo mtu unamwona mzima kuliko katika aya kumi za sifa.

Nije kwenye kinyongo chako. Nakuomba usikifute. Ila kabla hujaandika kwamba alilipenda ziwa kuliko nyumba, kaa na mama na umwulize swali moja: alikuwa akija lini? Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti samaki, wavuvi wanapumzika, mialo inapoa, na mbebaji wa dagaa naye hana mzigo. Basi kama baba alibeba dagaa, kuna uwezekano mkubwa kwamba alikuwa akirudi kwa hesabu ya mwezi, na mama alikuwa anaijua hesabu hiyo vizuri kuliko mtu yeyote. Mjane mmoja wa Igombe aliniambia alikuwa akifua shuka mwezi unapofika nusu, kwa sababu siku chache mbele mume atafika. Watoto wake hawakuwahi kuunganisha mambo hayo mawili. Walijua tu kwamba kuna siku nyumba inanuka sabuni.

Jaribu kukumbuka na wewe. Katika kumbukumbu zako za utotoni ukiwa na baba usiku, nje kulikuwa na mwanga au giza?

Hilo halifuti siku ambazo hakuwepo. Ulipougua hakuwepo, mvua ilipoezua paa hakuwepo, na ada ilitafutwa na mama kwa mihogo yake. Yaandike. Yaandike kama kazi ya mama, kwa sababu ndivyo yalivyokuwa: hakuna nahodha wa miaka hiyo yote bila mtu wa nchi kavu aliyebeba nyumba. Wasifu mwingi wa wanaume wa ziwani niliousikia unamtaja mke kwa tarehe ya ndoa tu. Wa baba yako uwe na mama ndani yake toka mwanzo hadi mwisho, na kabla haujasomwa mbele ya watu msomee yeye peke yake, chumbani, mlango umefungwa. Atakachosema kitoke, kitoe. Kitu ambacho atakinyamazia, kiache kilivyo.

Kuhusu mtumbwi, nitasema ninavyoona mimi, na kaka zako wanisamehe. Mtumbwi wa mbao ukiachwa ufukweni haukai kama kumbukumbu. Jua linakausha mbao, mianya inafunguka, pamba iliyokalafatiwa humo kuzuia maji inadondoka, mchwa wanakuja, na baada ya misimu michache mnakuwa na kuni zenye jina la baba. Mwiteni fundi auangalie. Kama bado mzima, muuzieni mtu atakayeutweka tanga, hata kwa bei ya chini kuliko anayetaka kuufunga mashine au kuuchana mbao. Kama umechoka, uacheni uende. Ila kabla ya lolote kati ya hayo, upimeni: urefu, upana wa katikati, kimo cha mlingoti, idadi ya mbao kila upande. Mpige picha kila pembe, na picha ya karibu ya pale alipokuwa anakaa. Mbao pale itakuwa imelainika na kung'aa kuliko kwingine. Namba na jina vilivyoandikwa ubavuni vipigwe picha pia. Usukani utoeni mbaki nao. Ni mwepesi, unaingia ndani ya nyumba, na mkono wake umeushika kwa miaka mingi kuliko kitu kingine chochote alichokuwa nacho.

Tanga usiruhusu liuzwe. Hujalitaja kwenye swali lako, na naogopa limekunjwa mahali fulani chini ya magunia. Litafute leo. Lifue kwa maji matupu, likaushe kivulini, lizungushe kama mkeka usilikunje, uliweke juu mbali na panya. Lakini kwanza litandaze uwanjani na ulisome, maana tanga la mtu wa kipato cha chini lina viraka, na kila kiraka kina mwaka wake. Nimeona tanga moja ambalo pembe moja ilikuwa amerikani ya zamani, ile pamba nyeupe nzito, imegeuka rangi ya chai. Kando yake kipande cha turubai. Katikati gunia la nailoni ambalo maandishi ya sukari yalikuwa bado yanasomeka kinyume, limeshonwa kwa uzi wa nyavu, mishono mirefu ya haraka ya mtu aliyeshona huku upepo unamsubiri. Mwenye tanga aliniambia kiraka hicho ni cha mwanzoni mwa miaka ya 1980, nguo haikupatikana dukani, hata ya kumvalisha mtoto. Mishono ya kando yake ilikuwa midogo, sawasawa, mizuri. Hiyo, akasema, ni ya mke wangu.

Angalia mishono ya tanga la baba. Huenda ukamkuta mama humo.

Lugha yetu nayo imeyaweka haya karibu: tanga la chombo, na matanga ya msiba. Mnasema mnakwenda kuanua tanga, na neno ni lile lile. Kwa familia nyingi ni neno la kimila tu. Kwa familia yenu mnaweza kulifanya kwa mikono. Siku hiyo mlitundike tanga lenyewe uwanjani, chini ya kivuli chake watu wakae, wasifu usomwe hapo, na ukishasomwa wanawe mlishushe pamoja, mama akishika pembe moja. Wazee wa pande zote mbili waambieni mapema ili wasishtuke, na kama kuna shehe, padri au mchungaji atakayeongoza ibada, mwambieni pia. Sijaona kiongozi wa dini mwenye moyo akilikataa jambo kama hili.

Katika kuandika kwenyewe, chagua safari moja. Miaka yote hiyo haiingii kwenye karatasi, lakini safari moja inaingia. Toka alipoamka Nansio, alivyofungua mlango bila kuwaamsha, aliyemkuta ufukweni, mzigo ulivyopangwa, kutweka tanga, saa ya upepo, saa ya kimya, miamba ya Mwanza ilipoanza kuonekana, hadi kelele za wachuuzi wa Kirumba mwaloni. Kurasa tatu. Mambo mengine yote, kuzaliwa, ndoa, watoto, ugonjwa, yapenyeze mle ndani ya safari mahali yanapojileta yenyewe. Darasa la nne liingie pale anapohesabu mikungu ya ndizi. Kisukari kiingie pale miguu ilipoanza kukataa kupanda mtumbwini. Taja miamba kwa majina aliyoyatumia yeye, hasa ile iliyozama. Chora ramani kwenye karatasi kubwa ya manila, waite wazee wawili watatu, waache wabishane jiwe fulani liko wapi, na wewe andika. Wazee wakiwa wawili husahihishana, mmoja akiwa peke yake husahau.

Ya simu ni machache. Kaa ukiligeuzia ziwa mgongo ili upepo usipige maiki, funika simu kwa leso nyepesi, iweke karibu na kifua cha msemaji, siyo mezani. Mwache aongee lugha yake, mtafsiri baadaye. Nakala moja mpe ndugu aliye mbali, nyingine ibaki kwako. Picha na vipimo vya mtumbwi nakala yake pia mngeipeleka Makumbusho ya Bujora pale Kisesa mkawaulize kama wangependa kuvitunza.

Sasa Kome. Usingoje wiki ya mwisho. Zamani safari hiyo ungekaa foleni ya kivuko pale Kigongo nusu siku, leo daraja la kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025 linakuvusha hadi Busisi kwa dakika chache, unaendelea Sengerema hadi Nyakaliro, unapanda kivuko. Ukiwa katikati ya daraja tazama maji chini, umpe mzee wa Kome habari hiyo, maana huenda hajaliona. Mbebee sukari na sabuni kama desturi. Mbebee na tanga. Ukishamsalimu na kupokea pole zake, litandaze kivulini mbele yake, kaa upande wa mkono wake wa kulia, washa simu, kisha mwekee mwisho wa demani kiganjani na umwache aushike.